Nusu Sekunde ya Upepo

Risasi inayofyatuliwa katika uwanja wa Stickledown, pale Bisley kusini mwa Uingereza, kuelekea shabaha iliyo yadi 1,000 mbele, hukaa hewani takriban sekunde moja na nusu. Umbali huo ni mita 914. Duara la pointi tano lina upana wa sentimita 61, na wapigaji wa mashindano ya jadi ya uwanja huo hawafungi darubini juu ya bunduki. Hulenga kupitia tundu dogo lililo karibu na jicho na pete iliyo mwisho wa mtutu, basi. Hata hivyo wapo wanaopiga risasi kumi mfululizo ndani ya duara hilo.

Wengi wanaotamani kuingia katika mchezo huu huanza kwa kuuliza bunduki gani ni nzuri na darubini ya bei gani. Ningependa waanze na upepo.

Mvutano wa dunia hauna hila. Risasi ya kipenyo cha milimita 7.62 inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde itakuwa imeshuka karibu mita 10 ifikapo yadi 1,000, kwa hiyo mtutu huinuliwa kidogo na risasi hupita kwa upinde, juu ya mstari wa macho kwa zaidi ya mita 3 mahali fulani katikati ya safari. Ukishajua kasi ya risasi na umbali wa shabaha, hesabu hiyo inafanyika mara moja na jibu linaandikwa daftarini. Kesho litakuwa karibu lile lile. Joto na mwinuko wa mahali hulibadilisha kiasi, maana hewa nyepesi ya Nanyuki, kule nyanda za juu, haiizuii risasi kama hewa nzito ya pwani, lakini mabadiliko hayo nayo yanahesabika. Hata mzunguko wa dunia unahesabika: huko Bisley huisogeza risasi kulia kwa takriban sentimita 8 katika umbali huo, ilhali kwenye Ikweta msogeo wa kulia au kushoto hutoweka, na badala yake anayepiga kuelekea mashariki huona risasi imepanda kama sentimita 10.

Upepo ndio usiokubali kuandikwa mapema. Na namna unavyofanya kazi si ile tunayoidhania. Tunafikiri upepo wa ubavuni huigonga risasi na kuisukuma kando. Kwa kweli risasi inazunguka kwa sababu ya mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, karibu mara 3,000 kila sekunde, na mzunguko huo huifanya ielekeze ncha yake kule hewa inakotokea. Upepo ukitoka kushoto, ncha hugeuka kushoto kidogo mno. Kuanzia hapo ukinzani wa hewa hauivuti risasi nyuma moja kwa moja tena. Huivuta nyuma na kulia kwa pamoja. Kinachoipeleka kando ni breki ya hewa.

Kutokana na hilo hupatikana kanuni rahisi ajabu, iliyojulikana tangu karne ya 19. Chukua muda halisi wa safari ya risasi, toa muda ambao ingetumia kama pasingekuwa na hewa kabisa, kisha zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Kwa risasi yetu, safari bila hewa ingekuwa sekunde moja hivi. Halisi ni sekunde moja na nusu. Imechelewa nusu sekunde. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida tu, utaipeleka kando mita 2. Sasa tazama kosa dogo: ukiusoma upepo vibaya kwa mita 1 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, risasi itatua sentimita 50 pembeni. Kutoka katikati ya duara hadi ukingo wake ni sentimita 30. Umeshakosa, hata kama bunduki yako ni bora kuliko zote uwanjani.

Kwa sababu hiyo mpigaji mzuri hutumia muda mwingi kutazama kuliko kupiga. Bendera zilizopangwa kando ya uwanja humwonyesha nguvu na mwelekeo. Kuliko bendera, mimi huyaamini zaidi mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayocheza juu ya ardhi siku ya jua. Ukiyatazama kwa darubini ya kusimamisha chini, yanapanda wima kama maji yanayochemka endapo hakuna upepo wa ubavuni, yanainama upepo mwepesi ukianza, na yanatiririka ubapa ukiongezeka. Mara yakianza kuchemka, mzoefu huondoa kidole kwenye kifyatuo na kungoja, maana mara nyingi upepo uko karibu kugeuka. Upepo ulio karibu na mpigaji una uzito wa pekee: risasi ikishapotoshwa mwanzoni, hubeba upotofu huo hadi mwisho.

Umakini wenyewe nao si jambo dogo. Mnamo Septemba 1874, timu ya Ireland ilikwenda Creedmoor, karibu na New York, kushindana na Wamarekani katika yadi 800, 900 na 1,000. Mpigaji mmoja wa Ireland alipiga katikati kabisa, ila katika shabaha ya jirani, akapewa sifuri. Katikati ilikuwa na thamani ya pointi 4. Marekani ilishinda kwa 934 dhidi ya 931.

Misuli wala umbo la mtu haviamui. Mwaka 1930 Tuzo ya Mfalme, shindano kuu la Bisley ambalo raundi yake ya mwisho hupigwa yadi 900 na 1,000, ilitwaliwa na Marjorie Foster, mwanamke mfugaji wa kuku, kwa tofauti ya pointi moja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Basi mgeni aanzie wapi? Kwenye klabu yenye leseni, chini ya mkufunzi, na kwa kufuata sheria za nchi yake. Kenya na Tanzania hakuna anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila kibali cha mamlaka. Atafundishwa kwanza kwamba kila bunduki huhesabiwa kuwa ina risasi, na kwamba chemba hubaki wazi mpaka amri itolewe. Kisha namshauri ashike bunduki ndogo ya .22 na shabaha ya mita 50, baadaye 100. Risasi yake ni nafuu, haipigi bega teke, na upepo huichezea hata katika umbali huo mfupi. Tena ina somo la kushangaza: risasi ya .22 yenye kasi kubwa hupeperushwa zaidi kuliko ile iliyo chini ya kasi ya sauti. Ukinzani wa hewa hupanda ghafla karibu na kasi ya sauti, hivyo ile ya haraka hupoteza mwendo mwingi na kuchelewa zaidi kulingana na kanuni yetu. Wapigaji wa mashindano huchagua ya polepole kwa makusudi.

Kila risasi na iandikwe kabla matokeo hayajaonekana: upepo aliokisia, alikolenga, na mahali anapoamini imetua. Bisley kuna watu handakini chini ya shabaha. Kila baada ya risasi huishusha shabaha, huchomeka kidude chenye rangi ndani ya tundu, kisha huipandisha tena. Hapo mpigaji hulinganisha alichoandika na anachokiona, hurekebisha kipimo cha upepo, na kurudi kutazama mazigazi kabla ya kupakia nyingine.