Baridi Yabisi na Moshi wa Mikeke
Baridi yabisi ni ugonjwa unaotokea kinga ya mwili inapougeukia utando wa ndani ya viungo. Huanzia mara nyingi kwenye vifundo vya vidole, mikono yote miwili, na asubuhi vidole hukakamaa saa nzima au zaidi. Jina lenyewe linaibebesha baridi lawama, na kwenye Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi hukesha majini, lawama hiyo hukubalika upesi. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 18 waliishi na ugonjwa huu mwaka 2019, takribani asilimia 70 wakiwa wanawake. Wanaokesha ziwani ni wanaume.

Wanawake wa mwambao wa Uvira kwenye ziwa hilo, Kasenga ikiwemo, hukaa zaidi kwenye moshi. Samaki waitwao mikeke hupangwa juu ya waya, kuni zikifuka chini yake. Mafuta yakidondokea makaa, moshi mzito hupanda ghafla usoni mwa anayegeuza samaki. Moshi huo hubeba hidrokaboni zenye pete nyingi, benzopaireni ikiwa mojawapo. Ndizo zilizomo pia katika moshi wa sigara, na sigara imethibitika kuchochea baridi yabisi. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia vipimo vya watu wazima zaidi ya 21,000, uliwakuta wenye mabaki mengi ya kemikali hizo kwenye mkojo wakiwa na ugonjwa huu zaidi. Huo ni uhusiano tu. Ushahidi juu ya moshi wa kuni bado ni mwepesi kuliko ule wa sigara.

Njia ya madhara hudhaniwa kupitia mapafuni. Mapafu yakichokozwa, vimeng'enya hugeuza ajinini iliyo ndani ya protini kuwa sitrulini. Kinga huiona protini hiyo kama mgeni, hasa kwa wenye aina fulani za jeni ya HLA-DRB1, na kingamwili zake huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kidole kuuma.

Si moshi pekee unaochokoza mapafu; vumbi la mawe nalo limo: mwaka 1953 Anthony Caplan alieleza vinundu vya mapafuni kwa wachimba makaa ya mawe wa Wales waliougua baridi yabisi.

Moshi wa samaki, hata hivyo, unaweza kupunguzwa: tanuri la Thiaroye la kukaushia samaki, lililobuniwa Senegali kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), lina trei inayokinga mafuta yasifike motoni.