Miguu ya mkimbiaji na ya mchuuzi: kipi kinafaa kununuliwa?

GISENYI — Wanaokimbia kando ya Ziwa Kivu na wanaovuka Petite Barrière kwenda Goma na mizigo huumwa misuli ileile ya miguu. Mashine ya umeme ya kukandia misuli ni ghali. Bomba la sponji ngumu la kuvingirishia miguu hufanya karibu kazi hiyohiyo kwa bei ndogo. Soksi za kubana? Husaidia kidogo tu. Maji baridi hupunguza maumivu, lakini yawe nyuzi 10 hadi 15, na Kivu, yenye nyuzi 23 hivi, haifiki huko. Ndoo na barafu hutosha. Chemchemi za maji moto za Nyamyumba hulegeza mwili uliokaza, ila usingizi unazipita. Kifundo kilichovimba kisitiwe maji moto siku za kwanza. Kisipokanyagika, mtu aende kituo cha afya.