Kutu, Vumbi na Breki: Kemia Iliyomo Katika Uvungu wa Gurudumu

Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, gari la michezo la Kijapani aina ya Datsun 240Z lilitwaa ushindi katika mbio za Safari za Afrika Mashariki. Mara ya kwanza liliendeshwa na Edgar Herrmann, na mara ya pili na Shekhar Mehta. Mbio hizo zilifanyika wakati wa Pasaka, katika majira ya masika, na tope la njiani lilijulikana kuwa mpinzani mkubwa wa madereva. Gari lililostahimili mawe na mashimo lilikuwa, hata hivyo, na adui mwingine asiyefanya haraka, nayo ni kutu. Watu wanaotunza magari ya aina hiyo hadi leo hulazimika kuwa macho daima dhidi yake, hasa katika uvungu wa gurudumu, yaani nafasi iliyo chini ya madigadi.

Kwa nini kutu ipende mahali hapo? Jibu lake ni somo la kemia, na ndilo linaloonyesha jinsi ya kusafisha na kukinga sehemu hizo. Jambo hili si la urembo wa gari tu, kwa kuwa ndani ya uvungu huo mna breki, na uhai wa abiria hutegemea breki.

Chuma huliwa palipofichika

Mwanafunzi atakumbuka kwamba chuma hushika kutu palipo na maji pamoja na oksijeni. Chembe za chuma hupoteza elektroni na kuingia katika maji zikiwa ayoni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambapo oksijeni na maji huzipokea na kufanya ayoni za hidroksidi. Hivyo kipande kimoja cha bati hugeuka kuwa betri ndogo yenye ncha mbili.

Sasa na tufikirie bonge la tope lililoganda katika pembe ya uvungu. Kandokando ya bonge oksijeni ni nyingi. Chini yake oksijeni ni haba. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila ncha ya betri iwe wapi. Oksijeni hupokea elektroni pale kandoni, nacho chuma huyeyuka pale chini, palipofunikwa. Kwa sababu hiyo bati huweza kutobolewa chini ya tope huku sehemu inayoonekana ikiwa bado nzima. Mwenye gari huja kugundua siku anapolibandua bonge, akakuta tundu.

Chumvi huongeza kasi ya tendo hili, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Aidha, chumvi ya kawaida hujivutia mvuke wa maji na kuyeyuka yenyewe, pindi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, mara nyingi kiwango hicho hupitwa nyakati za usiku. Gari lililopigwa na upepo wa bahari huweza basi kulowana bila ya mvua kunyesha. Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hali ni hiyo hiyo, kwa sababu chumvi humwagwa barabarani wakati wa kipupwe ili kuyeyusha barafu.

Joto na vumbi la breki

Katika magurudumu ya mbele ya Datsun 240Z, kama ilivyo katika magari mengi, mna breki za sahani. Sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu. Kalipa, chombo kilicho mfano wa koleo, huikumbatia sahani hiyo. Dereva akanyagapo pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni zilizomo katika kalipa, nazo hubana pedi mbili juu ya sahani.

Msuguano huo hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Gari lenye kilo 1,100 likienda kilometa 100 kwa saa lina nishati ya jouli 424,000 hivi. Kiasi hicho chatosha kupasha moto zaidi ya lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 za Sentigredi hadi nyuzi 100, nacho hutolewa kwa muda wa sekunde chache tu. Pedi na sahani husagika pia, na kutoa vumbi jeusi lenye chembe za chuma. Chembe hizo zikiwa za moto hujishindilia katika rangi ya rimu na ya kalipa, kisha hushika kutu papo hapo na kuacha madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa sabuni.

Lipo pia tishio lililo kubwa kuliko madoa. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 pedi za breki zilitengenezwa kwa asbestosi, na katika magari ya zamani huenda bado zimo. Nyuzi zake zikivutwa mapafuni huweza kuleta saratani, ambayo aghalabu hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa pampu ya hewa, wala lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowanishwe kwanza, kisha lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe katika mfuko na kutupwa.

Utaratibu wa kusafisha

Kwanza, breki ziachwe zipoe kabisa. Maji baridi juu ya sahani yenye moto huweza kuipinda au kuipasua. Gari likiinuliwa kwa jeki, liegemezwe juu ya stendi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pili, tope lilainishwe kwa maji matamu mengi, kisha liondolewe kwa burashi hadi pembeni. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe.

Tatu, kalipa isafishwe kwa sabuni isiyo kali. Kalipa nyingi za magari ya michezo ya siku hizi ni za aloi ya alumini. Madini hayo hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, lakini utando huo huyeyushwa na asidi kali na vilevile na alikali kali. Kwa madoa ya chuma hutumika dawa yenye thioglikolati ya amonia, ambayo hugeuka rangi ya zambarau inapokutana na chuma. Ikishabadilika rangi, isuuzwe kabla haijakauka.

Nne, mafuta ya taa, petroli na grisi ya kawaida visiguse mipira ya kuzibia pistoni, kwa kuwa huivimbisha na kuiharibu. Hali kadhalika, tone la mafuta juu ya pedi au sahani hupunguza msuguano, na gari huweza kukosa kusimama.

Kukinga kilichokwisha safishwa

Rangi au lami ikipakwa juu ya tope au kutu yenye unyevu, ni sawa na kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Chuma kikaushwe na kung'arishwa kwanza. Kisha kipakwe rangi yenye zinki, na juu yake nta au lami. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe ili chuma kisalimike. Kwa kanuni hiyo, mwaka 1975 kampuni ya Porsche ilianza kutumia bati lililochovywa katika zinki kwa ajili ya gari lake la michezo la 911. Lami nayo ikaguliwe kila mwaka, kwani ikipasuka huficha maji kama lifanyavyo tope.

Kalipa huweza kupakwa rangi maalumu inayostahimili joto. Pistoni, mipira, sahani na nyuso ambazo pedi huteleza juu yake zisipakwe kitu. Kazi ikiisha, gari liendeshwe polepole na breki zikanyagwe mara kadhaa, ili zikauke na kuthibitika kwamba zinashika.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu atwae kipande cha bati la chuma kisicho na rangi, kilichosuguliwa kwa msasa. Katikati yake adondoshe tone kubwa la maji ya chumvi, na kuliacha kwa muda wa saa moja au mbili bila ya kulitikisa. Kisha wanafunzi walifute taratibu na kutazama: ni wapi bati limechimbika, katikati ya tone au kandoni? Jibu watakaloliona litawaeleza kwa nini fundi mwangalifu hutia burashi yake kwanza pale pasipoonekana.