Mbabula isilale chumbani na kichanga

Mwezi wa sita na wa saba ndipo tunakumbuka kwamba Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200. Usiku baridi inashuka hata chini ya nyuzi 10. Umeme ukikatika, na nyumbani kuna mzazi aliyetoka kujifungua, kambo anajua la kufanya: anawasha makala nje, anangoja moshi uishe, anaingiza mbabula chumbani, anafunga mlango na kuziba dirisha kwa kitambaa. Anafanya hivyo kwa upendo.

Tulifundishwa kuogopa moshi. Lakini makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu kwa wingi, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichanga anapumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo sumu inamjaa haraka. Mwenye mimba naye achunge: hewa hiyo inamfikia mtoto tumboni, na kwake inakawia kutoka.

Mtu mkubwa anaamka kichwa kinamuuma, anataka kutapika, miguu haina nguvu. Mtoto hasemi. Analegea, analala kupita kawaida, hataki kunyonya. Tunasema ni malaria, au (tunajuana!) tunaanza kumtafuta mchawi kwa jirani. Kama watu wawili watatu waliolala chumba kimoja wanaumwa kichwa asubuhi moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, ulizeni kwanza mbabula ililala wapi.

Toeni wote nje mara moja, kisha mpelekeni mtoto hospitali yenye oksijeni, hata kama amefungua macho. Katika hewa ya kawaida, mtu mzima anahitaji saa 4 hadi 5 ili nusu tu ya sumu imtoke. Kwa oksijeni ya maski ni kama saa moja na nusu. Msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Sumu hii haiko tumboni, na mtoto aliyelegea anapaliwa upesi.

Na baridi je? Joto liko kifuani mwetu. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikosa mashine za kutosha za kupasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, akawaweka kwenye ngozi ya mama zao. Sisi pia tunaweza. Mwachie kichanga nepi, kofia na soksi tu, mweke wima katikati ya matiti, uso umegeuka upande, pua wazi, kisha mfunge kwa kikwembe na blanketi juu. Mama akae ameegemea mito. Akichoka, baba apokee. Na kuogesha mara ya kwanza kungoje saa 24.

Kambo asikose kazi: akae lupangoni na mbabula yake, apashe vikwembe joto, avilete ndani.