Kuchagua Pampu ya Maji Inayolingana na Nyumba Yako

Katika nyumba nyingi za ghorofa za Kariakoo na Jangwani, maji ya bomba hupokelewa kwanza katika tangi la chini, kisha husukumwa na pampu hadi tangi la juu ya paa, ambako hugawiwa kwa wapangaji wote. Pampu isiyolingana na nyumba huwapotezea wote fedha. Ikiwa ndogo, maji hayafiki juu. Ikiwa kubwa kupita kiasi, hutafuna umeme na huharibika mapema. Makala haya yanamweleza mlaji namna ya kujua anachohitaji kabla ya kuingia dukani.

Hosipawa pekee haitoshi

Swali la kwanza la muuzaji huwa: "Nusu hosipawa au moja?" Hosipawa ni nguvu ya mota, takriban wati 746. Haielezi maji yatapanda urefu gani wala yatatoka kwa wingi gani. Majibu hayo yamo katika kibandiko cha pampu, kwenye vipimo viwili. H max ni urefu wa juu kabisa ambao pampu inaweza kusukuma maji. Q max ni wingi wa juu kabisa wa maji kwa dakika.

Mlaji azingatie kwamba vipimo hivyo viwili havipatikani kwa wakati mmoja. Pampu hutoa Q max pale tu maji yasipopandishwa, na yanapofikia H max hakuna tone litokalo. Kwa sababu hiyo, pampu ya hosipawa moja yenye H max ya mita 18 inaweza kushindwa kazi ambayo pampu ya nusu hosipawa yenye H max ya mita 35 huifanya bila taabu.

Namna ya kukokotoa

Kwanza, pima urefu wa wima kutoka chini ya tangi la chini hadi mahali maji yanapoingilia tangi la juu. Tuchukue nyumba ambayo urefu huo ni mita 15. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya msuguano wa maji katika bomba na viungo vyake. Utapata mita 18. Bomba likiwa jembamba, refu au lenye kona nyingi, ongeza zaidi.

Pili, amua tangi lijae kwa muda gani. Tangi la lita 2,000 likihitajika kujaa kwa dakika 90, pampu itoe lita 22 kwa dakika.

Tatu, mwulize muuzaji: "Kwa urefu wa mita 18, pampu hii inatoa lita ngapi kwa dakika?" Mwombe akuonyeshe mchoro au jedwali la mtengenezaji. Pampu ndogo yenye H max ya mita 35 na Q max ya lita 40 itatoa takriban nusu ya ujazo huo, yaani lita 20 hivi, na tangi litajaa kwa dakika 100. Kwa nyumba hiyo, pampu kubwa zaidi si ya lazima.

Hasara za pampu kubwa mno

Maji yakilazimishwa kupita mara mbili kwa wingi katika bomba lile lile, msuguano huongezeka takriban mara nne, na umeme ulionunuliwa kwa LUKU huishia humo. Aidha, tangi la chini huweza kukauka kabla bomba la mtaa halijalijaza, na pampu inayozunguka bila maji huungua. Weka swichi ya boya katika tangi la chini ili izime pampu maji yanapopungua.

Usalama

Usiunganishe pampu moja kwa moja na bomba la mtaa. Huwanyima majirani maji, na huweza kufyonza maji machafu kupitia nyufa za mabomba. Kwa wakazi wa bonde la Msimbazi, ambako mafuriko hurudia, pampu na nyaya zake ziwekwe juu ya alama ya mafuriko yaliyopita. Fundi umeme mwenye leseni aunganishe waya wa ardhi. Maji yakiingia ndani, zima umeme kwenye swichi kuu iwapo unaweza kuifikia bila kukanyaga maji. La sivyo, usiikaribie pampu.

Unaponunua

Hakikisha kibandiko kinasomeka na kinaonyesha volti 230 na hezi 50. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na hati ya dhamana iliyogongwa mhuri wa duka. Mwambie muuzaji urefu na wingi wa maji unaohitaji, naye aviandike kwenye hati hiyo. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wako.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi" halimwondolei mnunuzi haki yake pale bidhaa inapokuwa na kasoro. Anza kwa muuzaji. Asiposikia, peleka malalamiko yako, pamoja na risiti, kwa Tume ya Ushindani.

Kumbuka: pima kwanza, kisha nunua.