Kusoma wanyama si kupoteza feza

Hapa Omate, mtoto akisema anataka kusoma zoolojia kwenye chuo kikuu, wazazi wengi wanacheka. Wanyama si wako porini? Mtu anaenda kuwasomea nini? Tunapenda asome udaktari, sheria ao mambo ya migodi. Tunaelewa hofu hiyo, kwa sababu feza ya dhahabu inatoka kwa jasho. Lakini sisi wa chama cha wachimbaji tunaona kwamba masomo haya yanatugusa kuliko tunavyofikiri.

Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya gorila wa Grauer, ule ngagi anayepatikana katika misitu yetu ya mashariki tu. Walisema miaka ya 1990 walikuwa karibu 16,900, na sasa wamebaki karibu 3,800. Kati ya sababu walizotaja, kuna vita, silaha, na uwindaji unaolisha kambi za madini. Njo sisi hao. Mwaka 2021 ikatoka hesabu ingine, iliyoingiza sehemu ambazo mbele hazikupimwa vizuri, ikasema karibu 6,800. Namba za namna hii zinasomwa Kinshasa na ng'ambo, wakati watu wanajadili msitu gani ufungwe na nani aondoke. Kati yetu sisi, nani aliweza kuuliza: mlihesabu namna gani?

Na jibu lake si siri. Gorila hahesabiwi kwa kumuona kwa macho. Kila jioni, gorila aliyeachishwa ziwa anajijengea kitanda cha majani na matawi. Watafiti wanatembea kwa mistari waliyoipima porini, wanahesabu vitanda, wanaangalia vimekaa siku ngapi, halafu wanapiga hesabu ya eneo zima. Ukikosea muda ambao kitanda kinachukua mpaka kuoza, hesabu yote inapinda. Kazi kama hiyo njo zoolojia. Mtoto aliyekulia hapa Walikale, anayejua nyayo, kinyesi na sauti za porini, hafiki darasani mikono mitupu.

Anasomea wapi? Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza 1963, kiko upande wa pili wa barabara inayotoka Walikale kupita Lubutu, na kina fakilte ya sayansi. Kwa mpango wa zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Kwa mpango mupya wa LMD, uliosambazwa kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, ni lisansi miaka 3, kisha master miaka 2. Lakini kwa mpango wowote, masomo haya yana miguu miwili.

Mguu wa kwanza ni darasa: namna mwili wa mnyama unavyofanya kazi, wadudu, samaki, ndege, mnyama na mazingira yake, pamoja na hesabu za takwimu. Hizo takwimu zinaangusha wengi, kwa hiyo mtoto ajitayarishe tangu sekondari, achague kemia na biolojia, na asikimbie hesabu.

Mguu wa pili ni uchunguzi. Mwanafunzi anachagua swali moja dogo, profesa anamuongoza, anaenda kukusanya mambo mahali yalipo, anarudi laboratwari, anaandika memwari na kuitetea mbele ya waalimu.

Tutoe mfano wa hapa nyumbani. Mbu wa malaria wanapenda kutaga katika maji madogo yaliyosimama juani. Mashimo tunayoacha wazi yanajaa maji ya mvua. Je, mbu wanaotusumbua wanatoka mashimoni ao mtoni? Mwanafunzi anaweza kuchota maji kila wiki kwa chombo kilekile, kuhesabu funza wa mbu, kuwatambua kwa mikroskopi, na kulinganisha shimo lililofukiwa na lile lililoachwa. Jibu lake lingetusaidia kujua tufukie wapi kwanza. Vilevile anaweza kupima nyama ya pori inayouzwa sokoni: ni ya wanyama gani, kilo ngapi, na inatoka mbali gani.

Wenye msitu wanajua mengi. Katika misitu ya Lomami, wawindaji walikuwa na jina la nyani mmoja: lesula. Mwaka 2007 watafiti walimuona mmoja akifugwa nyumbani kwa mkubwa wa shule huko Opala. Wakalinganisha ngozi, mifupa, sauti na vinasaba, na 2012 wakamtangaza kwa dunia kuwa aina mupya. Wawindaji walimjua tangu zamani, lakini kazi ya kumthibitisha ilichukua miaka 5.

Na watu wa kwetu wameshaanza. Viongozi wa kimila wa Batangi na Bamate ndio walioanzisha hifadhi ya gorila ya Tayna, na huko Kasugho, katika Lubero, kukafunguliwa chuo cha kusomea utunzaji wa wanyama, vijana wa vijiji wakaingia.

Hatudanganyi mtu: diploma hii haileti kazi kesho yake. Nafasi ziko katika mbuga, katika vituo vya uchunguzi kama Lwiro, katika ualimu na mashirika, lakini ni chache na zinagombaniwa. Kwa hiyo tunasema hivi. Kila likelemba ya shimo iongee kama inaweza kubeba minervali ya mtoto mmoja, awe kijana ao binti, mwenye diploma ya Leta na moyo wa kazi hiyo. Na mwanafunzi yeyote akifika shimoni na daftari, tusimfukuze kama mpelelezi. Tumuonyeshe tunachokijua, na tumuombe kitu kimoja: akimaliza memwari, arudi kutusomea alichokuta, kwa Kiswahili, hata kama hakitupendezi.