Kiendeshi Kilichofungwa

Mashine ya mtumbwi ikiharibika, fundi wa Kirumba jijini Mwanza huifungua, huitambua kasoro na kuitengeneza. Je, kompyuta ya shule nayo yaweza kutengenezwa hivyo?

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds huko Finland, huruhusu jambo hilo, kwa kuwa maandishi ya programu yake ni wazi kwa wote. Lakini kadi ya michoro, yaani kile kipande kinachounda picha za kioo, huhitaji kiendeshi: programu inayoipa kadi maagizo ya mfumo. Kwa miaka mingi kampuni ya NVIDIA ilitoa kiendeshi chake huku ikificha maandishi yake.

Kiendeshi hicho sharti kilingane na kiini cha Linux. Kiini kikibadilishwa, kiungo cha viwili hivyo hakina budi kuundwa upya. La sivyo, kioo huweza kubaki cheusi. Kwa hiyo mwalimu na atambue kwanza aina ya kadi, kisha achukue kiendeshi katika hazina ya programu ya mfumo wenyewe.

Mwezi Mei 2022 NVIDIA iliyatoa wazi maandishi ya kiungo hicho, lakini kwa kadi za karibuni tu. Kadi kuukuu hutegemea viendeshi vya zamani, au Nouveau, kiendeshi cha wazi kilichoundwa na watu wa kujitolea, ingawa mara nyingi huenda polepole. Hicho angalau mwanafunzi aweza kukifungua, kama fundi wa Kirumba afunguavyo mashine.